Alama za Kiwanda: Jinsi Magari ya Misuli ya Marekani Yalivyopata Ushahidi Wake

Chukua Camaro mbili za mwaka 1969, zote zimeundwa katika kiwanda cha Chevrolet cha Norwood, jimbo la Ohio. Ya kwanza ni gari la mtu wa kawaida, lenye V8 ya kawaida na kiti cha nyuma cha watoto. Ya pili ni Z/28, iliyobuniwa ili Chevrolet iruhusiwe kushindana katika mbio za Trans-Am, na leo wakusanyaji wanaigombania kwa bei kubwa. Ukiinama kusoma namba ya chasisi chini ya kioo cha mbele, zote mbili zinaanza sawasawa: 124379N. Tarakimu ya 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro ya V8, 37 ni bodi ya milango miwili, 9 ni mwaka, N ni Norwood. Baada ya hapo ni namba ya zamu tu. Popote utakapotafuta humo, Z/28 haimo.

Ukimya huo wa namba ndio uliozaa ujuzi mzima wa kutambua gari halisi la misuli, yaani gari la ukubwa wa kati au dogo lililobebeshwa injini kubwa na kuuzwa kwa bei ambayo kijana mwenye ajira aliweza kuimudu. Magari hayo yalitamba kwa miaka kumi tu. Kuyatambua kumechukua zaidi ya miaka hamsini, na sababu zinaanzia ndani ya ofisi za kampuni zenyewe.

1963–1966: Gari lililozaliwa kama nyongeza

Mwanzoni mwa mwaka 1963 wakuu wa General Motors waliviagiza vitengo vyao vyote viache kugharimia mashindano ya magari. Pontiac iliumia kuliko wengine, kwa sababu ushindi viwanjani ndio uliokuwa umeipa jina mbele ya vijana. Kulikuwa pia na kanuni nyingine ya ndani: gari la ukubwa wa kati lisipewe injini inayozidi inchi za ujazo 330.

John DeLorean, mhandisi mkuu wa Pontiac, pamoja na wahandisi Bill Collins na Russ Gee, walikuwa wameona jambo rahisi. Injini ya inchi 389 iliyotumika katika magari makubwa ya Pontiac ililingana kwa umbo la nje na ile ya inchi 326 iliyokuwa tayari ndani ya Tempest, gari lake la ukubwa wa kati. Ingeingia bila kukata wala kuchomelea chochote. Kikwazo kilikuwa kanuni, na kanuni ilihusu injini ambazo modeli hutoka nazo. Haikusema lolote juu ya nyongeza anazoagiza mteja. Basi GTO ikaorodheshwa kama nyongeza ya Tempest LeMans, kwa bei isiyofika dola 300. Mkuu wa mauzo alikadiria kwamba zingeuzwa kama 5,000. Katika mwaka wa modeli wa 1964 zikauzwa 32,450.

Ujanja huo uliiokoa Pontiac, lakini uliacha deni ambalo wanunuzi wa baadaye ndio wangelilipa. Kwa kuwa GTO ya 1964 na ya 1965 ilikuwa nyongeza, namba yake ya chasisi ni ya LeMans. Mtu mwenye LeMans, injini ya 389 na seti ya nembo anaweza kukutengenezea GTO uani kwake, na namba haitamkana. Mwaka 1966 tu ndipo GTO ilipofanywa modeli kamili na namba yake kuanza na 242. Kabla ya hapo ushahidi ulibaki kwenye karatasi.

Wapinzani hawakukaa kutazama. Oldsmobile ilileta 442, Chevrolet ikaleta Chevelle SS 396, Ford ikaendelea kuiongezea nguvu Mustang yake ya Aprili 1964, na Chrysler mwaka 1966 ikaanza kuuza injini ya Hemi ya inchi 426 kwa watu wa kawaida. Wengi wao walifuata njia ileile ya Pontiac: bodi ya bei nafuu, orodha ndefu ya nyongeza, na mteja aliyechagua mwenyewe kwa kalamu.

1967–1970: Karatasi za agizo na mihuri ya chuma

Ili kuelewa ushahidi tulio nao leo, ni lazima tuifuate safari ya agizo. Mnunuzi aliketi na muuzaji, akachagua injini, gia, rangi, redio na hata aina ya ekseli. Agizo lilipelekwa kiwandani, na kiwandani likachapwa kuwa karatasi ya uundaji iliyojaa misimbo. Karatasi hiyo ilisafiri na gari kwenye mstari ili kila mfanyakazi ajue cha kufunga. Kazi ikiisha haikuwa na maana tena, ikaachwa pale ilipokuwa: ndani ya springi za kiti cha nyuma, chini ya kapeti, juu ya tangi la mafuta. Aliyeiacha hapo alikuwa anawahi gari linalofuata. Kwa kufanya hivyo alilihifadhia gari lake cheti cha kuzaliwa.

Kampuni tatu kubwa zilitofautiana sana katika kuandika. Ford iliweka herufi ya injini ndani ya namba ya chasisi yenyewe: katika Mustang za 1969, R ni Cobra Jet ya inchi 428 yenye tundu la kuingizia hewa kwenye boneti, G ni Boss 302, Z ni Boss 429. Zaidi ya hapo, kumbukumbu za uzalishaji za Ford kuanzia magari ya 1967 zilinusurika, na mtaalamu Kevin Marti alipata haki ya kuzitumia. Mwenye gari akimpa namba, hupata ripoti ya jinsi gari hilo lilivyoagizwa.

Chrysler nayo ilitaja injini katika herufi ya tano. Namba inayoanza na BS23R0B husomeka hivi: Barracuda ya daraja maalumu, bodi ya milango miwili, Hemi, mwaka 1970, kiwanda cha Hamtramck, Michigan. Chini ya boneti kulifungwa kibati chenye misimbo ya vitu vilivyoagizwa, ambapo kwa 1970 E74 ilikuwa Hemi na FC7 ilikuwa ile zambarau kali iliyopendwa na vijana.

General Motors ndiyo iliyowaachia wakusanyaji kazi ngumu. Nakala za ankara za Pontiac zilihifadhiwa, na ndizo zinazothibitisha GTO za mwanzo. Kwa Chevrolet zilizoundwa Marekani, hifadhi ya namna hiyo haipo kwa sehemu kubwa ya magari. Kilichobaki ni karatasi ya uundaji kama ikipatikana, kibamba kidogo cha chuma cha dhamana alichopewa mnunuzi wa kwanza, na kibati cha bodi kilichofungwa kwenye ukuta wa injini. Kiwanda cha Norwood kilianza karibu na Desemba 1968 kugonga katika kibati hicho msimbo wa X, na humo X33 na X77 ni alama za Z/28. Magari yaliyotangulia, pamoja na yale ya kiwanda cha Van Nuys, California, hayana msaada huo.

Hata ndani ya Chevrolet kulikuwa na mlango wa pembeni. Maagizo ya ofisi kuu, yaliyokusudiwa magari ya polisi, teksi na makampuni, yalitumiwa na wauzaji wachache waliopenda mbio ili kuweka injini ya inchi 427 katika Camaro, ingawa kanuni ya General Motors wakati huo iliweka mwisho kwenye inchi 400. Fred Gibb, muuzaji wa mji mdogo wa La Harpe, Illinois, ndiye aliyesukuma agizo la Camaro ZL1 zenye injini ya alumini. Zikaundwa 69 tu. Hazikuwa na nembo ya kutangaza kilichomo, na namba zao za chasisi ni za Camaro ya V8 kama nyingine yoyote.

Wakati huohuo serikali na kampuni zilikuwa zinapambana na wezi. Katika magari ya 1968 General Motors ilihamisha namba ya chasisi kutoka nguzo ya mlango hadi juu ya dashibodi, isomeke kupitia kioo. Sehemu ya namba hiyo ikagongwa pia kwenye injini na gia boksi. Katika Camaro ilirudiwa mahali palipofichika, ikiwemo kwenye ukuta wa injini nyuma ya hita. Lengo lilikuwa askari aweze kulitambua gari lililoibwa. Kizazi kilichofuata kilikuja kuitegemea mihuri hiyo kwa shughuli nyingine kabisa.

1970–1974: Anguko

Mwaka 1970 General Motors iliondoa kikomo chake, na Chevelle SS 454 yenye injini ya LS6 ikatangazwa kuwa na nguvu farasi 450. Kilele hicho hakikudumu. Makampuni ya bima yalikuwa yameanza kumtoza kijana mwenye gari la aina hii ada ambayo mshahara wake haukuweza kuibeba. Sheria ya Hewa Safi ilitiwa saini tarehe 31 Desemba 1970. Kwa magari ya 1971 General Motors ilipunguza mgandamizo wa injini zake ili zikubali petroli yenye risasi kidogo. Mwaka 1972 kampuni zilianza kutangaza nguvu iliyopimwa injini ikiwa na vifaa vyake vyote, na takwimu zikashuka ghafla kwenye vitabu vya mauzo. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilisimamisha mafuta kwa Marekani, foleni zikajaa vituoni, na gari linalokunywa petroli likawa mzigo. Barracuda na Challenger za Chrysler zilisimamishwa Aprili 1974. Mwaka huohuo ulikuwa wa mwisho kwa GTO za enzi hiyo.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyoharibu ushahidi mwingi. Magari haya yalikuwa mitumba ya bei ya chini mikononi mwa vijana waliotaka kukimbia. Injini ikipasuka, ilitupwa na kuwekwa nyingine kutoka yadi ya vyuma chakavu. Hemi ziling'olewa zikaenda kwenye magari ya mbio. Chumvi ya barabara za majira ya baridi ikala mabawa na sakafu. Hakuna aliyekosea kwa macho ya wakati ule, maana mtu alikuwa anatengeneza gari alilonunua alitumie.

1973–1990: Namba zinazolingana

Elimu ya kutambua uhalisi ilikomaa kwanza kwa wapenzi wa Corvette. Maonyesho ya Bloomington, Illinois, yalianza mwaka 1973, na mwaka uliofuata kikaundwa chama cha National Corvette Restorers Society. Waamuzi wao waliacha kutoa alama kwa gari linalong'aa zaidi, wakaanza kuuliza: je, hivi ndivyo lilivyotoka kiwandani? Kutoka kwao wapenzi wa magari ya misuli walijifunza kutafuta namba zinazolingana, yaani injini, gia boksi na bodi vilivyoanza maisha pamoja.

Tuitazame injini moja kwa karibu, ya Z/28 ya 1969. Mbele ya kichwa cha silinda cha upande wa kulia kuna kipande cha chuma bapa, na juu yake pamegongwa V0115DZ. V ni kiwanda cha injini cha Flint, Michigan. 0115 ni tarehe 15 Januari. DZ ni msimbo wa injini ya inchi 302 ya Z/28. Karibu nayo utatafuta mstari wa pili unaoanza na 19N, ambao ni kipande cha namba ya chasisi. Kisha unazunguka nyuma ya bloku kusoma alama zilizotoka kwenye kalibu chuma kilipomiminwa. A 6 9 ni tarehe 6 Januari 1969. Mwisho unarudi kwenye kibati cha bodi: 01D ni wiki ya nne ya Januari. Bloku imemiminwa, baada ya siku tisa injini imeunganishwa, kisha ikakutana na bodi mwishoni mwa mwezi. Mfuatano huo unaingia akilini.

Sasa angalia namba ya kalibu, 3970010. Wengi huiona na kushangilia, lakini kalibu hiyohiyo ilitumika kwa injini nyingi za inchi 350 za magari ya kawaida na malori katika miaka ya 1970. Ikiwa tarehe kwenye bloku ni ya mwaka 1974, hakuna muhuri wa DZ utakaoiokoa. Ndiyo maana mtambuzi makini hatoi hukumu kwa alama moja.

Bado kuna kipimo kigumu zaidi. Mashine ya kiwanda iliyosawazisha uso wa bloku iliacha mistari myembamba sana, iliyonyooka kutoka mbele kwenda nyuma. Mihuri ya kweli imegongwa juu ya mistari hiyo. Bloku ikisuguliwa upya karakana, mistari hutoweka, na muhuri hupotea nayo. Kwa hiyo tarakimu safi juu ya uso laini usio na mistari, au wenye mikwaruzo ya mviringo, ni tarakimu za kushuku hata kama zinasomeka vizuri.

1984–2014: Fedha na waghushi

Waliokuwa vijana mwaka 1969 walifikia umri wa kuwa na fedha, na bei zikapanda katikati ya miaka ya 1980. Zilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, zikapaa tena baada ya mwaka 2000. Juni 2014 'Cuda, yaani Barracuda, ya Hemi ya 1971, yenye paa la kukunja, iliuzwa kwa dola milioni 3.5 katika mnada wa Mecum mjini Seattle. Gari hilohilo likiwa na injini ndogo halifiki hata sehemu ya bei hiyo. Tofauti kubwa hivyo kati ya herufi mbili kwenye kibati ilikuwa kishawishi ambacho si kila mtu alikishinda.

Vibati vipya vikaanza kuchongwa. Karatasi za uundaji zikachapwa upya na kuchovywa chai zionekane kuukuu. Bloku zikasuguliwa na kugongwa mihuri ya kubuni. Wapo waliohamisha namba ya gari lililooza na kuipachika kwenye bodi nzima. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1984 ilikuwa tayari imefanya kubadili au kuondoa namba ya utambulisho kuwa kosa la jinai, lakini muhuri wa injini ulizua ubishi mrefu. Baadhi walishikilia kwamba kugonga upya ni sehemu ya kulirudisha gari katika hali yake. Mimi nasimama na wanaopinga. Mnunuzi anayelipia historia ana haki ya kupewa iliyotokea, na ukarabati ulio mzuri kiasi gani haugeuki historia kwa kugongewa muhuri.

Njia ya mwongo ni fupi, na wajuzi waliifupisha zaidi kwa kujifunza mambo ambayo mghushi hakuyafikiria. Ribiti zinazoshika kibati cha namba cha General Motors zina kichwa chenye umbo la ua, na zikibadilishwa na za kawaida huonekana. Vioo vina alama za tarehe. Ford ilitumia chapa ya Carlite, Chevrolet ilitumia LOF, na kioo kilichotengenezwa miezi mitatu baada ya gari lenyewe kinahitaji maelezo. Alternata, kabureta, distribyuta na ekseli vina tarehe zake. Kughushi kitu kimoja ni rahisi. Kuvilinganisha vitu thelathini vikubaliane kwa wiki ni kazi ya mtu anayejua kiwanda kuliko walivyokijua wasimamizi wake.

2000–2020: Magari ambayo hayakuguswa

Elimu hii iliyakuta magari mengi yamekwisha kukarabatiwa mno. Mafundi hodari walikuwa wameyapa rangi iliyonyooka kama kioo, mianya ya milango iliyo sawa kabisa, na sakafu zilizopakwa rangi safi kote. Kiwanda hakikufanya hivyo. Rangi ilipulizwa haraka na vumbi lake likaangukia chini ya bodi bila mpangilio. Wakaguzi walichora kwa chaki na krayoni kwenye ukuta wa injini. Bolti zilizokazwa zilidondoshewa tone la rangi ili anayefuata ajue kazi imefanyika. Fundi aliyepulizia mchanga chasisi hadi chuma kitupu alifuta maandishi hayo yote, mara nyingi bila kujua kwamba ni maandishi.

Hapo gari lililochakaa bila kutenganishwa likapanda hadhi. Kwenye maonyesho makubwa ya Marekani yalitengwa madaraja ya magari yasiyokarabatiwa, na warejeshaji wakaanza kuyapiga picha kila kona ili wajue tone la rangi lilikaa kwenye bolti gani.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni Mustang mbili za kijani zilizotumika katika filamu ya Bullitt ya mwaka 1968. Namba zao zinafuatana: 8R02S125558 na 8R02S125559. Nane ni 1968, R ni kiwanda cha San Jose, 02 ni bodi yenye paa la mteremko, S ni injini ya inchi 390. Ya kwanza ilifichuka Mexico ikiwa imechakaa vibaya, na mwaka 2017 Kevin Marti akaithibitisha. Ya pili, aliyoiendesha mwigizaji Steve McQueen mwenyewe, ilikaa na familia moja tangu 1974 hadi ilipoonyeshwa hadharani Januari 2018. Rangi yake ilikuwa imefifia, na chini ya bodi vilikuwepo bado vishikio vilivyochomelewa kwa ajili ya kamera. Fundi mwenye haraka angeviondoa na kulirudisha gari kama lilivyotoka San Jose. Familia iliviacha. Januari 2020, huko Kissimmee, Florida, iliuzwa kwa dola milioni 3.74 pamoja na ada za mnada.

Kazi iliyobaki

Kiwanda cha Hamtramck kilifungwa mwaka 1980, na cha Norwood mwaka 1987. Wafanyakazi walioshika chaki na nyundo za mihuri wanazidi kupungua, na sehemu kubwa ya waliyoyajua haikuandikwa popote isipokuwa kwenye chuma chenyewe. Kwa hiyo anayefungua gari la aina hii leo ana wajibu ulio mkubwa kuliko kulifanya lipendeze. Ainue kiti kabla ya kukitupa. Apige picha kila alama kabla ya kugusa brashi. Asome tarehe zote, zinazomfurahisha na zisizomfurahisha, na aziandike. Injini ikiwa si ya asili, aseme hivyo waziwazi kwenye karatasi za mauzo, kwa sababu LeMans yenye historia ya kweli ni gari la heshima, na GTO ya uongo inamharibia kila mwenye GTO ya kweli. Pontiac ilipouza nguvu kama nyongeza kwenye karatasi, iliukabidhi ukweli wa magari haya kwa uaminifu wa watu ambao wangekuja kuwauzia wenzao. Sisi ndio watu hao.